Shamba Moja, Wenye Haki Saba: Namna ya Kusoma Haki za Ardhi Kabla ya Kutoa Hela

Tuchukue shamba la ekari tano kwenye mteremko huko Kilolo. Juu kabisa kuna misindano (misonobari) ya miaka tisa. Katikati ni mahindi. Chini, kando ya kijito, kuna vinyungu vya mboga vinavyolimwa kiangazi. Njia ya miguu inakata mahindi kutoka juu hadi bondeni, imekanyagwa mpaka udongo mwekundu unang'aa. Muuzaji anasema, "Shamba ni langu, baba alinirithisha." Huenda hadanganyi hata kidogo. Kazi iko kwenye hilo neno "langu".

Kaa pale nusu siku, uliza taratibu, na picha itabadilika. Mkewe amelima hapo miaka ishirini. Ndugu zake wawili wako Iringa mjini, na mirathi ya baba yao haijawahi kufunguliwa mahakamani. Misindano ilishauzwa ikiwa bado michanga kwa mfanyabiashara wa Mafinga, ambaye atakuja kuvuna siku yake ikifika. Vinyungu vinalimwa na jirani anayelipa kila msimu. Njia ni ya kitongoji kizima, watu wanapita kwenda kuchota maji. Na karatasi ya shamba yenyewe iko kwa mkopeshaji, imewekwa bondi. Mhesabu na muuzaji mwenyewe, unapata wenye haki saba, ukiwafunga ndugu wawili kwenye fungu moja. Serikali bado hujaihesabu.

Juu ya kila mmoja wa hao, uliza maswali manne: ana haki gani hasa, kaipata kwa nani, inaisha lini, na inamfunga nani? La nne ndilo wanunuzi wengi hawaliulizi, ingawa ndilo linaloamua kama hela yako itapona. Zipo haki zinazoshikamana na ardhi, yaani hata ardhi ikiuzwa mara tatu, zenyewe ziko palepale na mmiliki mpya anazikuta. Njia ya watu kwenda mtoni ni ya aina hiyo, na rehani iliyosajiliwa pia. Zipo nyingine ni makubaliano tu kati ya watu wawili. Zinawafunga hao hao, na shamba likiuzwa aliyeumia anamdai aliyeahidi, hadai shamba. Mpaka wa makundi haya mawili hauonekani kwa macho. Unaonekana kwenye maandishi, na kwenye kile ambacho mnunuzi alijua au alipaswa kujua siku ya kununua.

Ardhi yenyewe ni ya nani

Tanzania hakuna mtu anayemiliki udongo. Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999 na zilizoanza kutumika Mei 2001, zinasema ardhi yote ni ya umma na Rais ni mdhamini kwa niaba ya wananchi. Unachomiliki wewe ni haki ya kukaa, kutumia, kuzuia wengine, kurithisha na kuuza hiyo haki. Ndiyo inayoitwa haki miliki. Haki hiyo ni mali kamili, inalindwa, na ikitwaliwa kwa faida ya umma inalipwa fidia.

Ardhi hiyo ya umma imegawanywa makundi matatu, na kosa la kwanza la wanunuzi ni kutojua wamesimama kwenye kundi gani. Ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji. Ardhi ya jumla, ambayo ni pamoja na ya mijini, iko chini ya Kamishna wa Ardhi na maofisa wake wa mkoa na wilaya. Ardhi ya hifadhi ni ya mbuga, misitu, hifadhi za barabara na kadhalika, na kila moja ina sheria na mamlaka yake. Watu wa Mbarali hawahitaji kuelezwa uzito wa mpaka wa hifadhi: Tangazo la Serikali Na. 28 la mwaka 2008, lililopanua Hifadhi ya Taifa Ruaha kuingia Usangu, linatajwa huko kwa namba yake tu, kama jina la mtu.

Shida kubwa iko pembezoni mwa miji inayokua. Ukienda kandokando ya Mafinga, Makambako au Tunduma utakuta maeneo ambayo jana yalikuwa kijiji na leo ni mtaa. Kijiji kikishageuka mtaa, hakuna tena halmashauri ya kijiji ya kuidhinisha chochote, na mwenyekiti wa mtaa hana mamlaka ya kugawa wala kuidhinisha uuzaji wa ardhi. Ni shahidi mzuri, basi. Aliyekuwa na haki yake ya kimila hapotezi haki hiyo kwa sababu mji umemfikia, ila taratibu za kuiuza zinabadilika. Kabla ya yote nenda idara ya ardhi ya halmashauri husika uulize jambo moja tu: eneo hili ni ardhi ya kijiji au limetangazwa kuwa eneo la mipango miji? Likiwa limetangazwa, omba kuonyeshwa mchoro. Pengine "shamba" lako limechorwa shule.

Kimila na hati

Haki miliki ya kimila na haki miliki inayotolewa na serikali (ile watu wanayoiita kwa kifupi "hati") zina hadhi sawa mbele ya sheria. Rudia sentensi hiyo kwa yeyote anayekuambia shamba la kimila ni "la bure bure". Tofauti zake ni nyingine. Hati ya serikali ina muda, kwa kawaida miaka 33, 66 au 99, ina masharti ya matumizi, na inadaiwa kodi ya pango la ardhi kila mwaka. Ya kimila inaweza kuwa haina kikomo cha muda, inarithishwa, na inaongozwa na mila za mahali, isipokuwa mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya ardhi. Hiyo sheria imeibatilisha.

Haki ya kimila ipo hata kama hakuna karatasi. Aliyelima eneo la ukoo wake miaka yote anayo. Hati ya Haki Miliki ya Kimila inathibitisha kilichokuwapo. Ili kijiji kiweze kuitoa, mipaka ya kijiji lazima iwe imepimwa na kijiji kiwe na Cheti cha Ardhi ya Kijiji, masjala ya kutunzia nyaraka, na kwa utaratibu wa sasa mpango wa matumizi ya ardhi. Mbozi ndiyo iliyokuwa wilaya ya majaribio ya kazi hii, na baadaye vijiji vingi vya Iringa Vijijini na Mbeya Vijijini vilipimwa mashamba kwa kutumia simu. Mwombaji akishawasilisha maombi, halmashauri ya kijiji inapaswa kuyaamua ndani ya siku 90. Hati inayotoka ina nakala tatu: ya mwenye shamba, ya masjala ya kijiji, ya masjala ya wilaya. Unapoonyeshwa hati ya kimila, usiridhike na hiyo moja. Nenda masjala ya kijiji uikute nakala ya pili, kisha wilayani uikute ya tatu. Zikitofautiana jina, ukubwa au namba, simama hapo hapo.

Ekari za miguu

Kabla ya mkataba, pima. Huku kwetu ekari inahesabiwa hatua 70 kwa 70, na hesabu hiyo haikutoka hewani: ekari moja ni yadi za mraba 4,840, na 70 mara 70 ni 4,900. Kwa hiyo hatua inayotakiwa ni ya yadi moja, yaani sentimita 91. Mtu akitembea kawaida hatua yake ni kama sentimita 75. Hatua 70 za namna hiyo ni mita 52 na nusu, na "ekari" yake inatoka mita za mraba 2,756, theluthi mbili tu ya ekari halisi yenye mita za mraba 4,047. Jamaa mrefu anayechanua miguu kwa mita nzima naye anakupa ekari moja na robo, kasoro kidogo. Muuzaji akichagua mpimaji mfupi, umeelewa kwa nini. Nunua kamba, ipime mita 50 kwa futi ya fundi, na upime nayo pande zote. Mraba wa mita 64 kwa 64 ni ekari moja na chenji kidogo.

Simu yenye GPS inasaidia, ila ijue mipaka yake. Inakosea mita kadhaa hata mahali peupe, na chini ya misindano zaidi. Tena, ramani za upimaji za zamani zimechorwa kwa mfumo wa Arc 1960, wakati simu inasoma WGS 84. Ukichukua namba za simu ukazipachika moja kwa moja kwenye ramani hizo, shamba lako linahama kama mita 300. Kuna watu wameapa kwamba "bikoni zimehamishwa" (yaani alama za mpaka zilizowekwa na mpima), kumbe ni namba za mifumo miwili.

Mpaka uandike kwa alama zinazokaa. Masale, minyaa, jiwe kubwa, tuta na mfereji vinadumu kuliko "mti wa mwembe". Tembea mpaka mzima ukiwa na muuzaji na majirani wa pande zote, wote kwa siku moja. Anza na jirani mwenye umri mkubwa: "Shikamoo mzee. Tunaomba utuonyeshe shamba lako linaishia wapi." Aonyeshe yeye kwanza, kabla muuzaji hajasema neno. Ukianza kwa kumwonyesha mpaka ulioonyeshwa, wengi watanyamaza kwa heshima, na kesi itakuja masika watakapoanza kulima.

Kuuziana kijijini

Muuziano wa ardhi lazima uwe kwenye maandishi. Karatasi inayotumika vijijini mara nyingi inasomeka hivi: "Mimi fulani nimemuuzia fulani shamba langu lililopo kitongoji cha juu kwa shilingi kadhaa. Mashahidi ni hawa." Muhuri unapigwa chini. Angalia kilichokosekana: ukubwa, mipaka, majirani, muuzaji alilipataje, kilichomo kama kimeuzwa au kimebaki, hela imelipwa yote au nusu, mke wa muuzaji. Sehemu ya mpaka iandikwe namna hii: "Upande wa mashariki ni kijito, kuanzia jiwe lililopakwa rangi nyeupe hadi mti mkubwa wa mlingoti (mkaratusi) wa pembeni, mita 142, ng'ambo ni shamba la fulani." Pande nne, sentensi nne. Kila jirani asaini mbele ya sentensi yake.

Muhuri wa mtendaji wa kijiji haumaanishi idhini. Ardhi ya kijiji inapouzwa kwa mtu asiye mwanakijiji, halmashauri ya kijiji ndiyo inayotakiwa kuidhinisha, ikiwa imekaa kikao, na uamuzi uingie kwenye muhtasari. Mahakama ya Rufani imeshabatilisha mauziano yaliyokosa idhini hiyo, na mnunuzi akabaki anamsaka muuzaji amrudishie hela. Kwa hiyo dai nakala ya muhtasari wa kikao, yenye tarehe, orodha ya waliohudhuria na saini zao, na namba ya ajenda inayotaja shamba hilo. Tarehe ya kikao itangulie tarehe ya mkataba. Ukiona muhtasari umeandikwa siku moja na mkataba kwa mwandiko uleule, ujue hakukuwa na kikao. Mkiwa mnahitaji eneo kubwa la uwekezaji, hiyo ni habari nyingine kabisa: ardhi ya kijiji inabidi ihaulishwe kuwa ardhi ya jumla, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaoamua kama ni hekta 250 au pungufu, na ikizidi hapo uamuzi ni wa Waziri baada ya kijiji kutoa maoni. Na raia wa kigeni hamiliki ardhi isipokuwa kwa njia ya uwekezaji, hata awe ameoa hapa.

Mke, ndugu na marehemu

Mwenzi aliyechangia kwa jasho lake kulitunza na kulizalisha shamba ana maslahi ndani yake hata kama jina lake haliko popote. Sheria inamtupia mnunuzi mzigo wa kuuliza. "Sikujua ana mke" ni jibu dhaifu kwa shamba ambalo mama anapalilia mbele ya macho yako. Nyumba ya ndoa ina ulinzi wake pia chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kwa vitendo: mke au mume asaini mkataba kwenye kila ukurasa, aweke picha na dole gumba, na maneno ya ridhaa yaandikwe kwa lugha anayoielewa na kusomewa kabla ya kusaini. Wake wakiwa wawili au watatu, wote. Anayesema "mke wangu yuko msibani, atasaini baadaye" mwambie mtamsubiri.

Mali ya marehemu inaharibu mauziano mengi kuliko utapeli. Baba amefariki, watoto wamegawana kwa mdomo, kila mmoja analima upande wake, na wote wanaamini mambo yameisha. Kisheria hakuna aliyepata kitu cha kuuza mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi. Utaratibu ni huu: ukoo unakaa kikao na kuandika muhtasari unaopendekeza jina, mwombaji anapeleka maombi Mahakama ya Mwanzo pamoja na muhtasari huo na cheti cha kifo, tangazo linatolewa ili mwenye pingamizi ajitokeze, msimamizi anateuliwa, anakusanya mali, analipa madeni, anagawa, kisha anarudisha taarifa mahakamani. Unayeuziwa na msimamizi, omba barua ya usimamizi na uulize kama mirathi imeshafungwa. Msimamizi hageuki mwenye mali kwa kuteuliwa, na warithi wakisaini mkataba kama mashahidi utalala usingizi.

Aliyekaribishwa

Jirani wa vinyungu anaweza kusema, "Nimelima hapa miaka kumi na mitano, hapa ni kwangu." Kweli ipo sheria ya ukomo: anayedai ardhi yake anatakiwa afungue shauri ndani ya miaka 12 tangu alipoondolewa. Lakini aliyeingia kwa kukaribishwa, au kwa kukodi, hageuki mwenyeji kwa kukaa sana. Mahakama zimelisema hilo mara nyingi: mgeni hawezi kumtoa mwenyeji wake. Saa ya miaka 12 inaanza pale tu anapokaa kinyume cha mwenyeji, waziwazi, na mwenyeji kanyamaza. Ndiyo maana risiti ndogo ya kukodisha, hata ya gunia moja la viazi, ina thamani kubwa kuliko gunia lenyewe: inaonyesha aliingia kwa ruhusa.

Upande wa pili, mwenye haki ya kimila aliyehamia Dar es Salaam na kuliacha shamba la Makete bila kulitumia wala kumwachia mtu kwa miaka mitano, anaweza kuhesabiwa kuwa amelitelekeza. Kupumzisha ardhi kwa desturi ya kilimo hakuhesabiki hivyo. Mwachie mtu kwa barua, nakala kwa mtendaji, na kila mwaka awe na kitu cha kuonyesha.

Miti, maji na vilivyo chini

Kwa tafsiri ya sheria, ardhi ni pamoja na vinavyoota juu yake na majengo yaliyojengwa humo. Ukinunua shamba bila kutaja miti, miti imo. Ila mwenye shamba anaweza kuitenga kwa mkataba akauza miti pekee, na huku Mufindi, Kilolo na Njombe hiyo ni biashara ya kila siku. Mkataba wa miti unaofaa una mambo haya: idadi ya miti iliyohesabiwa kwa pamoja, mwaka iliopandwa, tarehe ya mwisho ya kuvuna, njia ya lori na nani analipa mahindi yatakayokanyagwa, nani anabeba hasara moto ukipita, na nani atapanda tena. Andika pia aina ya mti. Msindano ukikatwa, umekwisha, kisiki hakichipui. Mlingoti unachipua, na baada ya miaka michache kuna fito, kisha nguzo. Mkataba uliosema tu "nimemuuzia milingoti yote" utawagombanisha kwenye machipukizi: mnunuzi atasema mti ni wake hadi mizizi, mwenye shamba atasema ulinunua mavuno moja. Andika "mavuno moja, machipukizi ni ya mwenye shamba" au kinyume chake, shida imekwisha.

Anayenunua shamba lenye miti iliyokwishauzwa, amwite mnunuzi wa miti kwenye kikao. Ukinunua ukijua kuna mkataba wa miti, tarajia kufungwa nao.

Madini hayamo kamwe. Hati yako iwe ya aina gani, dhahabu ya Chunya na makaa ya Kiwira ni mali ya Jamhuri, na mwenye leseni ya uchimbaji anaweza kuwa mtu mwingine juu ya shamba lako. Wewe unadai fidia kwa unachoharibiwa. Maji nayo ni ya umma, kuchepusha kijito kunahitaji kibali cha bodi ya maji ya bonde. Halafu kuna mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Pima tena shamba lile la Kilolo: ekari tano, lakini upande wa kijito una mita 142. Zidisha kwa 60 upate mita za mraba 8,520. Zaidi ya ekari mbili za unachonunua huwezi kujengea nyumba. Bei ikumbuke hilo. Kadhalika barabara kuu: hifadhi yake ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, kwa hiyo fremu nzuri inayotazama barabara ya Tunduma inaweza kuwa imekaa kwenye ardhi isiyo ya muuzaji.

Njia ya kwenda mtoni ni fupi kuieleza: usiizibe. Haki ya kupita ikishakuwepo inakaa. Kama unataka kuihamishia pembeni mwa shamba, kubaliana na kitongoji, kijiji kiandike, kisha ndipo uweke uzio.

Bondi na rehani

Rehani rasmi ya benki kwenye kiwanja chenye hati inaonekana kwa kufanya upekuzi kwa Msajili wa Hati. Unalipia, unapewa majibu ya maandishi: jina la mmiliki, rehani, zuio kama lipo. Fanya upekuzi wiki ya kulipa, na usiridhike na wa miezi mitatu nyuma. Bondi ya kijijini haina daftari. Mtu anakopa hela ya mbolea, anaacha karatasi ya shamba, pengine anasaini "mkataba wa mauziano" wa uongo ili mkopeshaji ajihakikishie. Ishara moja inatosha: muuzaji anakuonyesha fotokopi. Muulize ya asili iko wapi. Uliza pia kwenye AMCOS (ushirika wa mazao), SACCOS (ushirika wa akiba na mikopo) na vikoba vya pale. Kama ni bondi, mlipeni mkopeshaji mbele ya mtendaji kutoka kwenye hela ya kununulia, arudishe karatasi na asaini kwamba hadai tena. Na wewe unayekopa, usisaini kamwe mauziano kwa ajili ya mkopo. Andika "mkopo", andika kiasi, andika tarehe.

Kiwanja cha mjini

Mbeya jijini, Isyesye au Uyole, mambo ni ya karatasi zaidi. Soma hati au barua ya toleo: namba ya kiwanja, kitalu, matumizi, muda, masharti ya kuendeleza. Linganisha na ramani ya upimaji, kisha tafuta bikoni ardhini, zote, namba zake zifanane na za ramani. Bikoni moja ikikosekana usikubali "ilikuwa hapa"; mpima aje airudishe. Uliza deni la pango la ardhi. Baadaye mauziano yanapita kwenye idhini, kodi ya TRA (asilimia 10 ya faida kwa mkazi, inalipwa na muuzaji) na ushuru wa stempu, ndipo uhamisho unasajiliwa. Mpaka jina lako lisajiliwe, ulichonacho ni makubaliano na muuzaji. Na tafadhali, risiti za LUKU si ushahidi wa umiliki. Kodi ya majengo inakatwa kwenye umeme, kwa hiyo hata mpangaji wa chumba anailipa.

Serikali ikitwaa ardhi, kila mwenye haki ahesabiwe, mpangaji na mwenye miti wakiwemo. Fidia ina thamani ya soko, posho ya usumbufu, usafiri wa tani 12 kwa umbali wa kilomita 20, na kwa nyumba posho ya makazi ya miezi 36. Ikipita miezi sita bila kulipwa, riba inaanza. Uthamini ukifikisha miaka miwili bila malipo, unarudiwa. Usisaini fomu yenye nafasi tupu za kiasi.

Mkishindwana

Anzeni Baraza la Ardhi la Kijiji, wajumbe saba, watatu wao wanawake. Linasuluhisha tu. Baraza la Kata nalo tangu mwaka 2021 halina tena uwezo wa kuhukumu kesi ya ardhi. Linasuluhisha, na ikishindikana ndani ya siku 30 linatoa cheti cha kushindikana. Bila cheti hicho Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halikupokei. Baraza la wilaya linasikiliza madai ya kurejeshewa ardhi yenye thamani hadi shilingi milioni 300, zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu. Siku ya kufungua shauri beba mkataba, muhtasari wa kikao, mchoro wa mipaka, na majina ya majirani waliosaini. Taja ukubwa na mipaka ndani ya madai yenyewe. Shauri linalosema "shamba langu la bondeni" linaweza kutupwa kwa kuwa haijulikani ni bonde lipi. Ukishindwa una siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu, kwa hiyo omba nakala ya hukumu siku ileile inaposomwa, kwa barua, na ubaki na nakala ya barua hiyo yenye muhuri wa kupokelewa.